GPS ilisema mita tatu: uchambuzi wa siku moja kwenye miombo ya Sikonge

Saa tano asubuhi, katikati ya Januari, tulikuwa watu watatu tumesimama chini ya mninga mmoja wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, na GPS ya mkononi ikituambia tumebakiza mita tatu kufika. Tulikuwa tunatafuta kigingi cha chuma kilichopigwa ardhini miaka iliyotangulia, katikati ya ploti ya kupimia miti. Mita tatu ni upana wa chumba cha kulala. Tulitafuta kwa saa moja na nusu, tukafyeka majani, tukapiga ardhi kwa ubapa wa panga tukisikiliza mlio wa chuma. Hatukupata kitu.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu siku ile hakuna kifaa kilichoharibika. GPS ilifanya kazi yake, na dira nayo, na ramani pia. Hata hivyo tulipotea mara mbili kabla ya jua kuchwa, na mara ya kwanza tulipotea bila kujua kwamba tumepotea. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, kwa hiyo maamuzi mengi nitakayoyachambua hapa ni yangu.

Watu, vifaa na nchi yenyewe

Tulikuwa wanne. Dereva alibaki na gari. Kijana mpimaji, aliyemaliza chuo si muda mrefu, mwepesi wa kompyuta na mwenye bidii, ndiye aliyeshika GPS. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mrina asali wa kijiji cha jirani. Ana mizinga ya magome ndani ya msitu ule tangu ujana wake, na zaidi ya hayo aliwahi kuwabebea mizigo wapimaji wa awamu iliyotangulia. Kigingi tulichokitafuta alikiona kikipigwa kwa macho yake. Hilo alitueleza asubuhi tulipomwamkia “Mwangaluka, Babu”, na hatukulitia maanani inavyostahili.

Kazi ilikuwa kurudi kwenye ploti za zamani na kupima tena unene wa miti ile ile, tujue msitu umekua au umepungua. Ploti ya siku ile ilikuwa kama kilomita sita magharibi mwa barabara ya vumbi inayokwenda kaskazini hadi kusini. Tulikuwa na GPS moja inayotumia betri mbili ndogo, simu mbili, dira ya bamba la plastiki, na karatasi ya ramani ya 1:50,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 500 ardhini. Betri za akiba ziliachwa kwenye gari. Ramani na dira zilikuwa chini kabisa ya begi langu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili zisilowe, na hazikutoka humo mpaka alasiri.

Asiyeifahamu nchi hii lazima aelezwe kwanza jinsi ilivyo. Tabora ni uwanda ulio kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Sikonge haina mlima wa kuukazia macho. Januari msitu wa miombo umeshiba majani, na ukiwa ndani yake huoni zaidi ya mita hamsini. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi kwenye ramani, iko mbalimbali sana. Mtu aliyefundishwa kusoma ramani Uluguru au Usambara, kwenye vilele na mabonde, akiletwa hapa atasema ramani hii haina kitu.

Lakini nchi hii ina maandishi yake, nayo ni migongo na mbuga. Kwa hapa mbuga si hifadhi ya wanyama. Ni bonde pana lisilo na miti, lenye majani na udongo mweusi wa mfinyanzi. Mgongo ni ile ardhi iliyoinuka kidogo tu kati ya mbuga na mbuga, ndiyo inayobeba miombo. Kutoka juu ya mgongo mpaka mbugani unaweza kushuka mita kumi au ishirini kwenye mwendo wa kilomita nzima, jicho lisione mtelemko wowote, ila mguu unajua: udongo mwekundu unageuka mchanga wa kijivu, miti mikubwa inapungua, majani yanabadilika, kisha ghafla anga linafunguka. Septemba mbuga hiyo unaipita kwa baiskeli. Januari, mvua ikishapiga wiki tatu, unazama mpaka gotini, na maji yake yanatambaa polepole kutafuta mto Ugalla, kisha Malagarasi, mwisho Ziwa Tanganyika.

Asubuhi tulitembea kuelekea magharibi juu ya mgongo mmoja kama huo, mbuga moja ikiwa kaskazini yetu na nyingine kusini. Hakuna kati yetu wawili wenye vyeti aliyelijua hilo. Tulikuwa tunafuata kishale cha GPS.

Mita mia tatu zilizofanana na ukweli

Turudi kwenye mninga. Ilipofika saa sita kasoro, Mzee alikuwa ameketi pembeni, hatafuti tena. Nilipomuuliza akajibu, “Hapa sipo. Kile chuma kiko chini, mchanga unakoanza kuwa mweupe. Hapa bado tuko juu.” Kijana akamwonyesha kioo: “Babu, angalia, mita tatu.” Mzee akaangalia kwa heshima kabisa, akarudia, “Hapa bado tuko juu, mjukuu wangu.”

Nilikuwa na mashahidi wawili, na nilimwamini yule aliyetoa jibu kwa tarakimu. Tuliendelea kutafuta zaidi ya nusu saa nyingine. Saa sita na nusu nilikubali tumfuate Mzee, nikijiambia kwamba tunapumzika tu. Alitupeleka kusini, akishuka mtelemko ambao mimi sikuuona. Kwa hatua zangu ilikuwa kama mita 300. Mchanga ulipoanza kuwa mweupe, kigingi kilikuwa pale, na mti wa jirani ulikuwa na alama ya panga iliyokwisha kufunikwa nusu na gome.

Kijana aliona aibu, nami nilimwambia asione, maana kosa halikuwa la kidole chake. Maelezo yake niliyapata usiku ule nilipoikunjua ramani yote na kusoma maandishi madogo ya pembeni, ambayo nilipaswa kuyasoma kabla hatujaondoka mjini.

Kodineti si mahali. Ni tarakimu zinazohesabiwa kutoka mwanzo fulani, juu ya umbo fulani la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana. Mapatano hayo ndiyo wapimaji huyaita datumu. Ramani za 1:50,000 za Tanzania zimechorwa juu ya datumu iitwayo Arc 1960, ambayo hutumia umbo la dunia la Clarke la mwaka 1880 lililorekebishwa. GPS, isipoambiwa vinginevyo, hutumia WGS84, ambayo hesabu zake huanzia kwenye kitovu cha dunia kwa ajili ya setilaiti. Chukua nukta moja ile ile ardhini, soma kodineti zake kwa datumu hizi mbili: katika sehemu zetu zinatofautiana kama mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na mita themanini hivi kwa upande wa mashariki na magharibi. Orodha tuliyopewa ilisomwa kutoka kwenye ramani ya zamani. Ofisi iliyotupa kazi iliziingiza tarakimu zile kwenye kifaa kilichowekwa WGS84. Kifaa kikatupeleka kwa uaminifu mkubwa mahali palipo kama mita 300 kaskazini mwa kigingi, na magharibi kidogo.

Hiyo “mita tatu” basi ilikuwa kweli. Tulikuwa mita tatu kutoka pale ambapo tarakimu zilituelekeza. Kinachoonyeshwa kwenye kioo ni umbali wa mpaka kwenye pointi iliyohifadhiwa, na usahihi unaoandikwa kando yake ni makadirio ya jinsi kifaa kinavyojijua kilipo. Hakuna sehemu ya kioo inayoweza kukwambia kwamba pointi yenyewe imeingizwa vibaya. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hujua ilipo kwa mita tano hivi, jambo la ajabu ukifikiri kwamba setilaiti zenyewe zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu. Chini ya majani yaliyolowa usahihi huo hupungua, ila hata hapo haikuwa shida yetu. Shida ilikuwa karatasini.

Wenzetu wa Kigoma wana mtego mwingine juu ya huu. Mstari wa nyuzi 30 mashariki, ambao ni mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 za gridi ya UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kupimia), unapita ndani ya mkoa wao: mji wa Kigoma uko upande wa 35, Uvinza upande wa 36. Mtu akichanganya kanda, GPS inaweza kumpeleka ndani kabisa ya Kongo, mamia ya kilomita. Kosa hilo mtoto atalicheka. Mimi naogopa zaidi mita 300, kwa sababu zinafanana na ukweli. Zinakuweka kwenye msitu ule ule, miti ile ile, na zinakuacha ufyeke majani saa moja na nusu ukimlaumu aliyepiga kigingi.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote kwangu. Kosa la GPS haliwezi kugunduliwa na mtu ambaye kichwani hana picha nyingine ya kulinganisha nayo. Mzee alikuwa na picha: kigingi, mchanga mweupe, karibu na mbuga. Mimi ningeweza kuwa na picha kama hiyo laiti ningeiweka nukta ya ploti kwenye ramani asubuhi, kwa penseli. Tarakimu zile zilitoka kwenye ramani ile, kwa hiyo juu ya karatasi zingeangukia pale pale panapostahili. Ningeona ploti iko kwenye ukingo wa mbuga ya kusini, si juu ya mgongo. Ilikuwa kazi ya dakika tano mezani.

Kurudi

Tulimaliza kupima saa tisa kasoro. Betri za GPS zilikuwa zimekwisha tukiwa kwenye vipimo vya mwisho. Mawingu yalikuwa mazito upande wa mashariki. Kijana akatoa simu yake, asilimia kumi na nne, akasema gari amelihifadhi huko tangu asubuhi. Tukaanza kufuata kishale, mvua ikiwa imeshaanza.

Baada ya dakika arobaini hivi miti ilianza kupungua. Mchanga ukawa wa kijivu, kisha udongo mweusi ukaanza kushika viatu. Mbele yetu palikuwa na mbuga imejaa maji, upana wake nakadiria mita mia saba, na kishale kikielekeza katikati yake. Kijana akasema tuvuke haraka kabla giza. Mzee akasimama. “Asubuhi hatukuvuka maji,” akasema. “Tumekuja na mgongo, turudi na mgongo.”

Sentensi ile ilinitosha. Asubuhi hatukuvuka mbuga, kwa hiyo njia hii si ya asubuhi, kwa hiyo pointi inayoitwa gari si gari. Nilimwambia kijana azime simu abakize chaji, tukaketi chini ya mti, nikafungua begi.

Kilichotokea kwenye simu ni hiki. GPS ya simu haihitaji intaneti ili ijue ilipo, lakini bila mtandao huchelewa kuanza, kwa kuwa lazima ipokee taarifa za njia za setilaiti kutoka kwa setilaiti zenyewe, na kwa kila setilaiti hilo huchukua karibu nusu dakika anga likiwa wazi, zaidi chini ya miti. Programu nyingi, zikiwa bado zinasubiri, huonyesha mahali pa mwisho simu ilipojua ilipo. Asubuhi tulikuwa tumesimama kwenye kitongoji cha mwisho kuuliza hali ya barabara, kama kilomita mbili na nusu kaskazini mwa tulipoegesha baadaye. Huko mtandao ulikuwepo. Tuliposhuka kwenye gari kijana alibonyeza kuhifadhi papo hapo, na simu ikahifadhi kitongoji. Angesubiri dakika mbili angepata gari. Angetupa jicho kwenye ramani angeona pointi yake haiko pale barabara inapoukata mgongo wetu.

Sasa tuliifanya kazi tuliyopaswa kuifanya asubuhi. Niliweka nukta ya kigingi kwenye karatasi. Kutoka pale tulikuwa tumetembea dakika arobaini kuelekea mashariki-kaskazini-mashariki, kwenye mvua, nikakadiria kilomita moja na robo tatu. Ramani ilionyesha ukingo wa mbuga ya kaskazini karibu kabisa na penseli iliposimama. Tulijua tulipo. Kutoka hapo barabara ilikuwa mashariki kamili, kilomita nne na kitu, na gari lilikuwa kusini kidogo ya mstari huo, kama mita mia sita.

Watu wengi hudhani kutumia dira ni kulenga moja kwa moja unakokwenda. Ukikosea nyuzi tano tu, jambo la kawaida kwa anayekwepa miti na vichuguu, kwa kilomita nne na nusu utatoka njiani karibu mita mia nne. Utafika barabarani, hutaona gari, na hutajua uende kulia au kushoto. Kwa hiyo hulengi gari. Unalenga pembeni kwa makusudi, upande mmoja unaoujua, ili ukigonga barabara ujue pa kugeukia. Tulilenga nyuzi 90 kamili. Hata tungekosea nyuzi tano upande wowote, tungefikia barabara kaskazini mwa gari, na kazi iliyobaki ingekuwa kugeuka kulia.

Usomaji wa kwanza wa dira ulikuwa mbaya. Kijana aliishika karibu na kifua, mfukoni mna simu, na spika ya simu ina sumaku. Nilipomwambia aisogeze mbali na simu na mbali na panga la Mzee, sindano ilihama kama nyuzi ishirini. Nyuzi ishirini kwa mwendo ule ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Nalitaja hili kwa wale wanaoizungumzia dira kana kwamba haiwezi kudanganya. Inadanganya, tena kimya kimya kama GPS. Tofauti ni kwamba sababu zake ni chache na unaweza kuzifundisha kwa nusu saa: chuma, sumaku, mkono usiotulia, na tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, ambayo kwa Tabora ni ndogo mno kuweza kumpoteza mtu kwa mwendo kama wetu.

Tukaondoka saa kumi na robo. Kijana akiwa na dira alichagua mti mbele kwenye uelekeo, tukaufikia, akachagua mwingine. Mimi nilihesabu hatua. Kwenye miombo hatua zangu za mguu wa kulia ni kama 65 kwa mita 100, na kila mia nilihamisha kijiwe kimoja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mzee alitangulia, akitazama chini. Kila tulipoanza kuteleza kuelekea kaskazini alisema, “Mchanga unabadilika,” tukarudi juu. Ukingo wa mbuga ulikuwa ukuta wetu wa kushoto. Vijiwe vilipofika arobaini na saba tulitoka barabarani, saa kumi na mbili jioni. Tukageuka kulia. Gari lilikuwa kama mita mia tano.

Dereva alituambia alipiga honi tangu saa kumi na moja. Hatukuisikia kwa ajili ya mvua. Hatukuwa tumekubaliana naye chochote: tusipotokea saa ngapi afanye nini, apigie nani simu, asogeze gari au asisogeze. Kama angeamua kwa wema wake kutufuata kwenye kitongoji, tungefika mahali sahihi tukakuta barabara tupu.

Kuhusu jua

Kijana aliniuliza baadaye kwa nini hatukutumia jua. Swali zuri, na linajibiwa vibaya mara nyingi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema saa sita mchana jua liko kusini. Kwa Sikonge, iliyo karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, Juni jua la mchana liko kaskazini, Januari liko kusini, na siku chache za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba liko utosini kabisa, kivuli hakikuambii kitu. Halafu saa yetu hufuata meridiani, yaani mstari wa longitudo, ya nyuzi 45 mashariki, wakati sisi tuko karibu na 33. Katikati ya Januari jua la Tabora hufika juu kabisa karibu saa saba, si saa sita. Anayepiga hesabu kwa saa ya mkononi bila kujua hilo anaanza na kosa la saa nzima. Fimbo ya mita moja siku ile, karibu saa saba, ingetoa kivuli cha sentimita 28 hivi kikielekea kaskazini. Ni njia nzuri ukiwa na jua. Alasiri ile hatukuwa nalo.

Ramani nayo

Sitaki msomaji aondoke akidhani karatasi ilituokoa kwa kuwa karatasi ni bora. Ramani ile ilikuwa na makosa mengi. Ilionyesha makazi mahali ambapo sasa ni pori, kwa sababu ilichorwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 kuwahamisha watu. Njia za magogo zilizofunguliwa baadaye hazikuwemo. Barabara tuliyoitegemea ilikuwemo kwa bahati tu, kwa kuwa ni ya zamani. Ambacho hakikuhama ni migongo na mbuga, na ndicho tulichokitumia.

Tabora imeshawahi kuwaona watu wenye vifaa wakimtegemea mwenyeji. Mwaka 1857 wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, jirani na mji wa leo, na Speke alikuwa akipima latitudo kwa nyota. Vipimo viliwaambia wako wapi. Njia, maji, na kilichokuwa mbele yao walielezwa na wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh na wapagazi Wanyamwezi waliokwisha kuzikanyaga njia hizo.

Na GPS siiachi. Nimewahi kufanya kazi hii kwa kukata mkuza, yaani njia nyembamba iliyonyooka, kwa dira na mnyororo wa kupimia, siku nzima kwa umbali ambao leo tunaumaliza kabla ya chai ya saa nne. Warina asali vijana siku hizi huhifadhi mizinga yao kwenye simu, na hilo linawasaidia. Ninachokikataa ni kuingia msituni na shahidi mmoja. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kijana wetu, mwenye akili na bidii, alifundishwa chuoni jinsi ya kuweka pointi, na hakuna siku hata moja aliyopelekwa nje azime kifaa aulizwe: uko wapi, umejuaje? Hilo si kosa lake. Ni sisi wakubwa tulioacha kufundisha kwa kuwa kioo kilikuwa kinajibu.

Kilichobadilika

Tulikuwa na ploti nyingine tatu wiki ile. Usiku kabla ya kila moja tuliweka nukta kwenye karatasi kwanza, kisha kijana akabadilisha datumu kwenye kifaa, tukajaribu kwenye kigingi tulichokwisha kukijua: kikaangukia mita nne. Gari lilihifadhiwa baada ya kusubiri, na kusomwa kwa sauti mbele ya dereva, ambaye sasa alikuwa na saa ya mwisho na namba ya kupiga. Betri za akiba zilitembea nasi. Ramani ilihamia shingoni mwa kijana, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Asubuhi ya ploti ya mwisho, kabla hajawasha chochote, alimwuliza Mzee, “Babu, leo tutapita wapi?” Mzee akamwomba ramani. Hasomi sana, lakini kijana alipomwonyesha barabara, kitongoji, na ile mbuga iliyotukwamisha, aliigeuza karatasi mpaka ikae kama nchi ilivyokaa, akaweka kidole. Akasema jina lililoandikwa pale ni la mbuga ya pili, ya kusini, wamelikosea. Kijana alichukua penseli, akalikata lile jina taratibu, akaliandika upya mahali Mzee alipoonyesha.